Kimbilio na Fremu: Uhakiki wa Picha za Wanyama Pori kati ya Kahuzi na Bonde la Ruzizi

1.0 Utangulizi

Lubarika ni kijiji cha bonde la Ruzizi, katika teritori ya Uvira, jimbo la Kivu ya Kusini. Anayesimama hapo amezungukwa na makimbilio matatu ya wanyama. Kaskazini-magharibi, nyuma ya milima, ipo Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Upande wa kusini-magharibi ipo milima ya Itombwe, ambayo sehemu yake ilitangazwa kuwa hifadhi ya asili mwaka 2006. Kusini-mashariki, ng'ambo ya mto, katika nchi ya Burundi, ipo Hifadhi ya Rusizi iliyoanzishwa mwaka 1980. Lubarika yenyewe si hifadhi. Watu wake ni wakulima na wafugaji, na wapiga picha wa wanyama hawana desturi ya kushukia hapo. Kwa sababu hiyo hiyo, kijiji hiki kinafaa kuwa kituo cha kuzitazamia picha zinazopigwa pande zake zote.

Makala haya yanashikilia kwamba hifadhi na picha ya mnyama wa porini ni tungo za aina moja. Zote mbili hutungwa kwa kuchora mpaka, na maana ya kila moja hutegemea kilichoachwa nje ya mpaka huo sawasawa na kilichowekwa ndani. Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Kamera, kwa upande wake, ina kingo nne. Kwa hiyo picha hizi hazina budi kuhakikiwa kama matini nyingine zozote, kwa kuuliza nani anasema, anamwambia nani, na nini kimenyamaziwa. Shabaha ya uhakiki huu si kuwakejeli wanaowapenda wanyama. Gorila wa Grauer, ambao makao yao ni misitu ya mashariki ya Kongo peke yake, walikadiriwa kuwa karibu 17,000 katikati ya miaka ya 1990, na makadirio yaliyotolewa mwaka 2021 yaliwataja karibu 6,800. Hasara hiyo ni ya kweli. Kinachohojiwa hapa ni namna hasara hiyo inavyosimuliwa.

2.0 Msamiati wa picha na wa pori

Ni vema kuanza na maneno yenyewe. Katika Kiswahili mtu hupiga picha, au hupiga foto kama isemwavyo Uvira na Bukavu, na vilevile hupiga risasi. Baadhi ya wahakiki wangefurahi kuishia hapo na kutangaza kwamba lugha imekwisha kuifichua kamera kuwa ni bunduki. Mwanaisimu hana budi kujihadhari. Kitenzi hiki hubeba nomino za kila aina: mtu hupiga pasi, hupiga magoti, hupiga simu. Kwa hiyo kitenzi peke yake hakithibitishi neno.

Kinachothibitisha ni historia. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuwapiga wanyama wa Afrika ya Mashariki picha za usiku kwa mwanga wa ghafla, alichapisha mwaka 1905 kitabu ambacho jina lake linauweka mwanga huo na bunduki sambamba, kama vifaa viwili vya mkono mmoja. Katika milima iliyo kaskazini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, gorila walipatiwa jina la Mwaustria Rudolf Grauer kwa sababu yeye ndiye aliyepeleka Ulaya vielelezo ambavyo mtaalamu Paul Matschie aliviandikia maelezo mwaka 1914. Vielelezo hivyo vilikuwa mafuvu na ngozi. Kamera ilifika baadaye, ikaichukua njia ambayo bunduki ilikuwa imekwisha kuifyeka.

Neno la pili ni nyama. Kiswahili sanifu hutenganisha nyama inayoliwa na mnyama aliye hai, na tofauti hiyo huonyeshwa na ngeli. Katika Kiswahili cha Kivu, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu, neno moja laweza kuchukua maana zote mbili: nyama ya pori yaweza kuwa ile iliyomo chunguni na pia ile inayokimbia kichakani. Wageni wamezoea kuuona muungano huu kuwa dalili ya ulafi. Tafsiri hiyo ni ya pupa. Neno moja kwa viumbe na kwa chakula ni kumbukumbu ya uhusiano: mnyama ni jirani, ni adui wa shamba, ni riziki. Maelezo yanayoandikwa chini ya picha, ambayo mara nyingi hutafsiriwa kutoka Kifaransa, hubakiza maana moja tu, ile ya kiumbe cha kutazamwa. Msomaji wa bondeni hupewa mnyama asiye na uhusiano wowote naye, kisha huombwa ampende.

Neno la tatu ni hifadhi. Kuhifadhi ni kutunza kitu kisiharibike, na pia ni kuweka maneno moyoni, kama mwanafunzi wa chuo anavyoihifadhi Kurani. Maana hii ya pili ndiyo itakayokuwa kipimo katika sehemu zinazofuata. Hifadhi iliyotunza miti na wanyama, lakini ikafuta kumbukumbu ya waliokaa humo, imehifadhi nusu.

3.0 Gorila wa Kahuzi: picha iliyogeuka fedha

Kahuzi-Biega ilikuwa eneo lililotengwa tangu mwaka 1937. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, ikiwa na hekta 60,000, na mwaka 1975 ikapanuliwa hadi hekta 600,000. Mwaka 1980 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwanzo wake hautenganishwi na Mbelgiji Adrien Deschryver, aliyewazoesha gorila kuwavumilia watu. Makundi ya madume wawili, Casimir na Mushamuka, yalipata umaarufu kupitia kwake, na katika miaka ya 1970 Dieter Plage alipiga huko filamu iliyotazamwa na watu wengi Ulaya na Marekani.

Taswira iliyobaki katika fikra za watazamaji ni ya mtu mmoja anayekabiliana na dume kubwa katikati ya majani. Ni taswira yenye nguvu, na ujasiri wake si wa kuigiza. Hata hivyo ina kasoro ya kimsingi. Hakuna mgeni aliyewafikia gorila wa Kahuzi bila wafuata nyayo, na wafuata nyayo mahiri walikuwa Watwa. Anayeonyesha njia huwa mbele ya mpiga picha msituni, lakini huwa nyuma yake pichani. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, Watwa kwa maelfu walikuwa wakitolewa ndani ya hifadhi, bila fidia na bila ardhi nyingine. Fremu na amri ya serikali zilifanya kazi moja kwa wakati mmoja: ya kwanza iliwatoa watu katika picha ya msitu, ya pili ikawatoa katika msitu wenyewe. Haidaiwi hapa kwamba wapiga picha ndio waliowafukuza. Kinachodaiwa ni kwamba picha ziliufanya ufukuzwaji uonekane kana kwamba haukutokea, kwa sababu msitu ulionyeshwa kuwa mtupu tangu mwanzo.

Jambo hili si la Kivu peke yake. Mwaka 1959 filamu ya Bernhard Grzimek juu ya Serengeti ilitangaza kwamba mbuga ile haipaswi kufa, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar. Katika mwaka huo huo wa 1959 Wamasai waliondolewa Serengeti. Filamu iliwasaidia wanyama, na hilo halikanushiki. Lakini Wamasai, waliokuwa wakichunga kandokando ya nyumbu kwa vizazi, walibaki kuonekana kama tatizo la mbuga na si kama sehemu ya historia yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Maheshe, dume la Kahuzi lililopendwa sana na wapiga picha. Sura yake ilienea katika kadi za posta, kisha ikahusishwa na noti ya zaire 50,000 ya mwaka 1991, iliyochapwa picha ya gorila upande mmoja na sura ya Mobutu upande wa pili. Mwaka 1993 Maheshe aliuawa na majangili. Mwezi Oktoba mwaka huo huo serikali ilibadilisha fedha, na zaire mpya moja ikawa sawa na zaire za zamani 3,000,000. Kwa hesabu hiyo, noti 60 zenye picha ya gorila zilitosha kupata zaire mpya moja. Picha na mnyama vilipoteza uhai katika mwaka mmoja. Mwananchi wa bondeni aliyekuwa na mafungu ya noti hizo alikuwa ameishika sura ya gorila mara nyingi kuliko mtalii yeyote, na bado hifadhi haikuwa imemletea chochote cha kumfanya amlinde. Picha iliyosambazwa kila mahali haikuwa ulinzi.

4.0 Kimbilio na mkimbizi

Kutokana na kitenzi kukimbia Kiswahili kimepata kukimbilia, kimbilio na mkimbizi. Kwa hiyo makimbilio ya wanyama na makambi ya wakimbizi ni jamaa wa shina moja. Katika Kivu jamaa hao walikutana kwa uchungu.

Kuanzia mwaka 1993 wakimbizi wa Burundi, na mwaka 1994 wale wa Rwanda, waliingia kwa wingi, na bonde la Ruzizi likajaa makambi. Kamera za dunia zilifuata. Katika miaka hiyo ilijengeka aina ya pili ya picha za Kivu: ile ya umati, moshi wa kuni na mahema yasiyo na mwisho. Picha za gorila na picha za wakimbizi zilichapishwa katika majarida yale yale, wakati mwingine na watu wale wale, na zikaanza kusomwa pamoja. Virunga iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini mwaka 1994, na Kahuzi-Biega mwaka 1997. Kukatwa kwa miti na watu waliokimbia vita kulikuwa miongoni mwa sababu. Ni kweli kwamba miti ilikatwa. Lakini mpangilio wa picha uliunda hoja ambayo hakuna aliyeitamka waziwazi: kwamba kiumbe mmoja amekuja kuharibu kimbilio la mwingine. Katika hoja hiyo gorila alikuwa na sura, na mkimbizi alikuwa na idadi.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inaitaja Lubarika miongoni mwa mahali ambapo wakimbizi, pamoja na raia wa Zaire, waliuawa mwezi Oktoba 1996. Kimbilio lile lilivunjwa juu ya vichwa vya waliokimbilia humo. Hakuna kalenda ya ukutani inayobeba picha ya mahali hapo. Kutajwa kwake katika uhakiki wa picha za wanyama si kupotoka. Wakazi wa bonde wanapoonyeshwa bango la hifadhi na kuelezwa kwamba wanyama wanahitaji mahali pa kukimbilia, wanalielewa neno hilo kwa undani kuliko aliyeliandika. Bango lisilojua hilo linazungumza na watu wasiokuwapo.

5.0 Gustave: mnyama mwenye jina

Upande wa mto na ziwa, mnyama aliyepigwa picha kuliko wote ni mamba aitwaye Gustave, wa maji ya Rusizi na ya kaskazini ya Tanganyika. Jina hilo alipewa na Mfaransa Patrice Faye aliyeishi Burundi na kumfuatilia kwa miaka mingi. Jaribio la kumkamata kwa tundu kubwa la chuma, lililoshindwa, lilipigiwa filamu iliyoonyeshwa mwaka 2004. Mwaka 2007 Hollywood ikatoa filamu ya kubuni inayotokana na habari zake. Walioliwa naye wamesemwa kuwa hata 300, idadi ambayo haijapata kuthibitishwa na mtu yeyote.

Kwa upande wa fani, masimulizi ya Gustave yana sifa zote za ngano ya zimwi: ukubwa usiopimika, makovu ya risasi mwilini, kutoweka na kurudi. Wavuvi wa ufuoni wamekuwa na hadithi za mamba tangu zamani, na hadithi hizo zilikuwa na kazi: zilimfundisha mtoto asichote maji jioni na asioge penye matete. Filamu zilichukua zimwi na kuacha fundisho. Aidha ziligeuza mpangilio wa majina. Jina la mamba, tena jina la kibatizo la Kifaransa, linajulikana duniani kote. Majina ya waliokufa majini hayajulikani nje ya vijiji vyao. Katika ngano ya kienyeji huwa kinyume: zimwi ni zimwi tu, na anayetajwa kwa jina, pamoja na wazazi wake, ni mtoto aliyepotea.

6.0 Picha kama shahidi

Ingekuwa dhuluma kuhitimisha kwamba kila picha ya mnyama ni uongo. Itombwe inatoa mifano miwili ya picha iliyofanya kazi ya ushahidi kwa uaminifu.

Wa kwanza ni bundi aliyepewa jina la mtaalamu wa ndege Alexandre Prigogine. Alijulikana kwa kielelezo kimoja tu, kilichopatikana Muusi mwaka 1951. Kwa miaka 45 bundi huyo alikuwa ngozi iliyokauka ndani ya droo ya makumbusho. Mwaka 1996 Thomas Butynski na wenzake, waliokuwa wakichunguza msitu wa Itombwe, walimnasa mmoja wavuni, wakampiga picha na kumwachia aende. Wa pili ni chura mdogo wa rangi ya dhahabu, aliyeelezwa na Raymond Laurent mwaka 1951, kisha asionekane tena na wataalamu hadi mwaka 2011, Eli Greenbaum na wenzake Wakongo, akiwemo Chifundera Kusamba wa Lwiro, walipompata tena.

Picha ya bundi yule haina urembo wa kalenda: ni ndege aliyeshikwa mkononi, basi. Thamani yake iko kwingine. Mwaka 1951 kuthibitisha kwamba bundi yupo kulitaka auawe. Mwaka 1996 picha ilichukua nafasi ya ngozi. Hapo kamera ilijitenga kweli na bunduki. Zaidi ya hayo, mkono unaoonekana pichani unakiri kwamba mtu alikuwapo. Picha hiyo haidai kwamba msitu ni mtupu. Inasema tu: siku fulani, mahali fulani, watu na bundi walikutana, kisha wakaachana.

Mfano mwingine unatoka kaskazini, katika Virunga. Mwezi Julai 2007 gorila kadhaa waliuawa kwa risasi, na uchunguzi ukaelekea kwa wafanya biashara ya makaa. Brent Stirton, mpiga picha wa Afrika ya Kusini, alipiga picha ya dume aitwaye Senkwekwe akibebwa juu ya miti na kundi kubwa la wanaume. Picha hiyo ilipata tuzo na kusambaa duniani. Wengi waliisifu kwa sababu ya gorila. Uhakiki huu unaisifu kwa sababu ya wabebaji. Wanyama wa hifadhi hulindwa, hubebwa na kuzikwa na watu wa hapo hapo, na katika picha hii, tofauti na nyingine nyingi, watu hao wanaijaza fremu yote. Lakini hata hapa dosari ya zamani imebaki: dume lililokufa linatajwa kwa jina lake, na wabebaji huitwa wanavijiji.

7.0 Hitimisho

Mambo yamebadilika kiasi. Mwaka 2018 baadhi ya Watwa walirudi kwa nguvu ndani ya Kahuzi-Biega, na mapambano na walinzi yakaleta vifo. Tarehe 15 Julai 2022 Kongo ilipata sheria ya kulinda haki za watu wa asili, na mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliowapa Watwa wa Kahuzi-Biega haki katika mashtaka yao juu ya kufukuzwa. Sheria zimeanza kuwaingiza katika fremu watu ambao picha ziliwatoa. Itakuwa aibu ikiwa idara za lugha zitachelewa kuliko mahakama.

Kazi iliyopo ni ya kawaida na iko ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Maelezo ya picha ni matini fupi kuliko zote, na ndiyo inayosomwa na watu wengi kuliko zote. Yaandikwe upya katika Kiswahili cha wanaohusika. Yawataje wafuata nyayo na walinzi kwa majina wanaporidhia kutajwa. Yaseme msitu ulikuwa wa nani kabla haujawa hifadhi. Hakuna kamera mpya inayohitajika kwa hilo.

Mfano wa mwisho uko jirani kabisa na Lubarika. Mto ule ule huandikwa Rusizi upande wa Burundi na Ruzizi upande wa Kongo. Ng'ambo, kwenye mikoche, kiboko yumo hifadhini, na mtalii humpiga picha akiwa mashuani. Usiku kiboko huyo aweza kuvuka, na akipanda ukingo wa magharibi huwa mharibifu wa mpunga na mahindi, asiyelindwa na mpaka wowote. Kiboko hajabadilika, kilichobadilika ni herufi moja na maelezo ya picha. Picha moja ambayo ingeonyesha kingo zote mbili, pamoja na mkulima anayekesha shambani akipiga debe, ingeeleza habari za kimbilio kuliko kalenda nzima. Picha hiyo bado inangojewa.